Sumaku ya Mpishi

Fundi cherehani alipanda treni akiwa na nia ya kulala, lakini kwenye viti vya mbele yake palizuka mjadala wa sufuria, na usingizi ukamruka.

Bibi mmoja aliyekuwa akienda kupiga kambi na wajukuu alipakata sufuria ya alumini kama mtoto mchanga. "Mkwe wangu kaninunulia jiko la induksheni," alijigamba. "Halina moto wala moshi, na kambini umeme upo."

Jirani yake, mpishi wa kambi za wapima ardhi, alitoa sumaku mfukoni akaibandika kwenye kitako cha sufuria. Ikadondoka. "Haitachemka, mama. Jiko hilo linapasha chombo kinachoshika sumaku tu."

"Sufuria hii imelisha harusi tatu!"

"Shikamoo yake! Lakini jiko halina habari za harusi. Mimi nililinunulia jiko kama hilo sufuria za steli zinazong'aa kama kioo bila kuzipima, watu ishirini wakashindia mkate mkavu. Tangu siku hiyo sumaku hii siiachi nyumbani."

Fundi alimvulia kofia kimoyomoyo. Si wengi wanaotangaza kosa lao mbele ya behewa zima.

Bibi hakukubali wala hakukataa. Aliichukua sumaku akaanza kupima kiti, chupa ya chai, hata vifungo vya mpishi. Treni ilipopunguza mwendo, fundi aliinua sufuria yake ya chuma iliyopakwa enameli, yenye chakula cha mchana. Sumaku mkononi mwa bibi ikainasa, ta!

Treni ikasimama. "Mwanangu," bibi alimwambia fundi, sauti imelainika ghafla, "kwani wewe unashukia wapi?"