Sajenti Anaeli Mchome na Panga la Bwawani

Wazee wetu shikamooni, na nyote mliopanda mlima huu kutufariji, familia inawaomba utulivu ili tumtaje ndugu yetu kama alivyokuwa.

Sajenti mstaafu Anaeli Yonathani Mchome alizaliwa tarehe 14 Mei 1980 hapa Chome, mtoto wa tatu wa Mzee Yonathani na Mama Nambua, akasoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza sekondari mjini Same mwaka 1998, na mwaka 2000 akajiunga na jeshi. Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na Devotha, wakajaliwa watoto wawili, Jackline na Eliezeri.

Mwaka 2013 alipelekwa kulinda amani nchi jirani, na huko, kwenye njia panda ya msituni, kamanda alimuuliza, "Sajenti, kushoto au kulia?", naye, asiyejua lolote kuhusu njia zote mbili, akajibu, "Kulia, afande." Gari la mbele likakanyaga bomu, risasi zikamiminika, na rafiki yake Muhidin, miguu yote imekatika, akamfia mapajani akiomba maji. Jibu lile lilimtesa, hivyo alipoagwa jeshini mwaka 2015 alikwenda Dar es Salaam kusomea takwimu na sayansi ya maamuzi, akimwambia mkewe, "Nataka nijue mtu achague vipi akiwa gizani."

Tangu 2018 alikuwa mchambuzi wa data katika asasi ya usuluhishi mjini Same, akichakata taarifa za mvua, malisho na ugomvi uliopita, ili viongozi wajue wapeleke wapi wazee, maji au polisi kabla wakulima na wafugaji hawajakatana. Hakupatia kila mara. Mwaka 2021 alielekeza macho kijiji kimoja, damu ikamwagika kingine, akaenda kuwazika waliouawa, kisha akarudi kuisahihisha kazi yake.

Septemba mwaka huu hesabu zake zilionyesha kuwa ugomvi ungezuka kwenye bwawa moja la kunyweshea mifugo bondeni, ng'ambo ya Kwakoa, naye akateremka na wazee tarehe 21, lakini walichelewa: ng'ombe waliokatwa mishipa ya miguu walikuwa wakigaragara kwenye mahindi, vijana wamevaana kwa mikuki na mapanga, na mfugaji mmoja, Kakuta, yuko chini, panga limeinuliwa juu yake. Marehemu alimlalia, akipaza sauti, "Mwacheni, ameshaanguka!", na panga likamshukia yeye shingoni na begani.

Tumeshauriwa tuseme ulikuwa mkuki, silaha ya wafugaji. Marehemu alichukia takwimu za kupikwa, kwa hiyo tunasema kweli: lilikuwa panga, aliyelishika ni mkulima, Mpare mwenzetu, yuko mikononi mwa sheria, na aliyemfunga jeraha kwa shuka lake akambeba mgongoni hadi barabarani ni Kakuta.

Jeraha lilipata maambukizi, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 9 Oktoba 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, askari wenzake na wafanyakazi wenzake wa Same.

Kwa vijana walioonekana jana wakinoa mapanga, Mama Nambua ametutuma neno: "Atakayemwaga damu kwa jina la mwanangu, asije kunipa mkono wa pole." Kakuta amekuja, amekaa na wafiwa, na mama ameomba awe miongoni mwa watakaobeba jeneza, tunaomba apishwe.

Pumzika, Sajenti, katika amani uliyoitafuta.