Oriano Gardelli na Kengele Iliyokaa Kimya

Mimi si mtu wa kuandika. Sabina, binti wa marehemu, ndiye aliyenifuata jikoni na kunikalia kooni: "Shangazi, andika wewe, umemjua Baba tangu mwanzo." Nikamwambia mimi niliacha shule darasa la tatu nikaenda kuchuma pichi, na yeye ana digrii ukutani, basi aandike yeye. Akasema, "Mimi nitaandika vizuri, Shangazi. Wewe utaandika kweli." Haya. Nimeandika kwa penseli, yeye amepiga chapa nakala hizi mlizogawiwa kanisani, na nimemkataza kufuta hata neno moja. Mambo ya kawaida nitayapita haraka. Kwenye mwaka wa 1978 nitasimama, kwa sababu mwaka ule kijiji hiki kiliamua kwamba ndugu yangu aliuza mashindano, na sitaki azikwe na neno hilo.

Marehemu Oriano Gardelli alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Pieve Ronchetta, katika nyumba ya kona inayotazamana na mnara wa kanisa. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Secondo Gardelli na Edera Bassi. Mimi, Nives, nilikuwa na miaka saba. Alilia kwa sauti kubwa mpaka mkunga akasema mtoto huyu amekuja na injini yake. Tuliocheka chumbani siku ile, nimebaki peke yangu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha shule ya ufundi mjini Forlì, akamaliza mwaka 1968. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu wa dini alimwita mama siku moja akamfunulia kitabu: safina ya Nuhu ilikuwa imechorewa matairi manne. Mama akamtazama Oriano. Oriano akasema, "Maji yakikauka, mama, watashukaje mlimani?" Mwalimu alimpa adhabu, mama akamnunulia aiskrimu.

Baada ya shule alifanya kazi gereji, na kuanzia mwaka 1972 akaanza kushindana kwa vigari vidogo, kisha kwa magari ya kiti kimoja. Mwaka 1978, kiwanda cha vigae cha jirani kilikubali kulipia gharama na kubandika jina la kiwanda kwenye gari, akaingia mashindano ya Ulaya kwa msimu mzima. Tulikuwa watatu. Oriano aliendesha. Learco Zoli, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa fundi. Mimi nilipika. Tulisafiri na lori dogo lililokuwa la kubebea kuku, na hata tulisugue vipi, mvua ikinyesha watu walijua tumefika.

Namshukuru Mungu kwa mwaka ule. Nilikuwa sijawahi kuvuka mto Po, sembuse kutoka Italia. Nikaiona Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani, na Uswidi ambako jua lilikataa kulala. Kila mahali nilitandika ubao nikasukuma unga, nikafunga cappelletti, zile tambi zetu za kujazwa jibini, nikaweka sufuria ya supu. Kufika Juni, Wajerumani walikuwa wanapanga foleni na sahani zao mkononi. Sikujua lugha yao hata neno moja. Nilisema "kula", wakala.

Kambini kwa madereva kulikuwa na desturi, na watu wa hapa hawakuielewa, ndiyo maana naieleza. Mwenzako akivunjikiwa na kitu na wewe unacho, unampa, hata kama kesho ndiye wa kukushinda. Mambo yanaamuliwa barabarani, hayaamuliwi ndani ya sanduku la vipuri. Na aliyeazimwa anarudisha kile kitu kikiwa kimesafishwa, kimefungwa kwenye kitambaa au karatasi pamoja na chakula. Hakirudi peke yake.

Zandvoort, kule Uholanzi, Oriano aligonga ukingo akavunja bawa la mbele. Hatukuwa na jingine. Akatokea Torsten Lindvall, kijana Mswidi mrefu kama mlingoti, ambaye alikuwa anatufuata kwa pointi, akabeba bawa lake la akiba begani kama mtu anayepeleka mlango. "Urudishe safi," akasema, akaenda zake. Oriano alimaliza wa pili. Tukalirudisha bawa limeng'aa, na cappelletti mbichi ndani ya taulo. Torsten alizichemsha kwenye birika la chai. Sikumsemesha mpaka Ufaransa.

Na hapa nyumbani nako kuna desturi yetu, hiyo mnaijua. Wa kwetu akishinda, kengele zote tatu zinapigwa kwa pamoja, bila mpangilio, mpaka njiwa wahame. Learco alikuwa anapiga simu baa ya kijiji kutoka kila uwanja, na baba yake, mzee Zoli, anapanda mnarani. Mwaka ule zililia kwa kila ushindi wa Oriano, na zililia kwa ile nafasi ya pili ya Zandvoort. Shikeni hilo neno: kwa nafasi ya pili, zililia.

Mbio za mwisho zilikuwa Misano, tarehe 8 Oktoba, saa moja tu kutoka hapa. Oriano na Torsten walikuwa bega kwa bega: wa kumtangulia mwenzake ndiye bingwa wa Ulaya. Kijiji kizima kilikodi mabasi. Jumamosi mchana Learco alitoroka kwenda kula kwa mama yake, na simlaumu, alikuwa amekula mapishi yangu tangu Machi. Wakati yuko mezani, gia ya tatu ya Torsten ikapukutika meno. Kambi nzima, gia ya kipimo kile ilikuwa moja tu, na ilikuwa kwenye sanduku letu.

Torsten akaja hemani, kofia mkononi.

"Oriano, unajua nilichofuata."

"Najua. Nimeisikia ikivunjika."

"Unaweza kukataa. Sitakwambia kitu."

"Naweza. Kaa kwanza ule, Nives ameshakupakulia."

Sikuwa nimempakulia. Nilimvuta ndugu yangu pembeni. "We Oriano, una akili? Huyu kesho atakupiga na chuma chetu wenyewe!"

"Dada," akasema, "lile bawa la Zandvoort lilikuwa chuma cha nani?"

Nikachukua sahani. Nikapakua.

Jumapili asubuhi Learco akarudi, akafungua sanduku, akaona pengo.

"Gia ya tatu iko wapi?"

"Nimempa Torsten. Aliomba."

"Aliomba! Na kesho akiomba mkeo?"

"Sina mke."

"Na hutampata, mpumbavu wee! Watu wamepanda mabasi na bendera, nitawaambia nini?"

"Waambie watazame mbio. Zitakuwa nzuri."

Na zilikuwa nzuri. Kila aliyekuwepo anajua, hata wanaojifanya wamesahau. Walipishana mbio nzima kama watoto wanaogombania kiti. Mzunguko wa mwisho Oriano alikuwa mbele. Wakitoka kona ya mwisho, Torsten akaitia ile gia ya tatu, gia yetu, akamkaribia, akamtangulia kwa urefu wa pua ya gari. Kwenye jukwaa la watu wetu bendera zilishuka zenyewe.

Learco alikuwa amesimama kwenye simu, sarafu ya simu mkononi. Wa pili Ulaya nzima, mtoto wa Pieve Ronchetta! Akaitazama sarafu, akairudisha mfukoni. Mzee Zoli alingoja baa mpaka giza, kengele haikulia.

Baada ya zawadi, Torsten alikuja nyuma ya hema letu na kifurushi kinene kilichofungwa kwa gazeti, akampa Oriano, wakakumbatiana. Learco aliona, na nusu ya kijiji iliona kutoka kwenye uzio. Kabla mabasi hayajafika nyumbani neno lilikuwa limeshapita viti vyote: ameuza, tumeona akipokea.

Nitawaambia kilichokuwa ndani ya kifurushi, kama nilivyowaambia baa juma lile mkasema dada hawezi kusema vingine. Kulikuwa na gia ya tatu, imeoshwa kwa petroli mpaka unajiona, na samaki mkunga wa kuokwa kwa moshi, mrefu kama mkono wangu. Yule samaki tulimla mimi na Oriano kwa piadina, ule mkate wetu bapa, ikiwa ya moto, na alikuwa na chumvi nyingi. Gia ile imezuia mlango wangu wa jikoni usipigwe na upepo miaka yote hii. Leo nimeiweka juu ya jeneza. Mwenye shaka aje aguse.

Mwaka uliofuata kiwanda cha vigae kiliondoa jina na pesa zake, na Oriano hakushindana tena. Nilipomwambia ajitetee alisema, "Nikianza kujitetea nitaonekana nina la kutetea. Dada, nimepata mwaka mmoja mzima. Wangapi wanapata?" Sikumsikia akilalamika kabla wala baada. Mwaka 1979 alifungua karakana ya matairi kwenye barabara ya Forlì, akaifanyia kazi mpaka alipostaafu mwaka 2016. Wengi mliomsema mlikuja kwake na tairi lililotoboka Jumapili, naye aliacha chakula akawatengenezea.

Tarehe 12 Septemba 1981 alimuoa Loredana Fantini, na kwa huyo naishukuru Misano. Loredana alikuwa anauza piadina pale uwanjani. Siku ile alimwona Oriano anapita amevaa nguo za mbio, akampa piadina yenye soseji ya salami. "Chukua, bure. Una sura ya mtu aliyefiwa."

"Sijafiwa," Oriano akasema. "Nimeshindwa tu."

"Kumbe? Basi rudisha salami."

Akarudi Jumapili iliyofuata kuilipia, na iliyofuata. Torsten alisafiri kutoka Uswidi kuwa shahidi wa harusi. Walibarikiwa watoto wawili, Sabina na Davide. Loredana alimtunza kwa maneno makali na mikono laini, na familia inamshukuru.

Mwaka 2022 mapafu ya marehemu yalianza kuchoka. Alilazwa hospitali Forlì mara kadhaa, madaktari na wauguzi wakamhudumia vizuri, tunawashukuru. Kiangazi hiki hakutoka tena nje. Lakini kuanzia Julai, kila Ijumaa, tulikuta kreti la nyanya getini, bila jina, bila kugonga. Oriano alinusa moja akasema, "Za Learco. Wengine wote wanamwagilia mno." Tulizila zote. Nikauliza nifanye nini na makreti.

"Yarudishe safi," akasema, "na kitu ndani."

Nikayasugua, nikaweka cappelletti, nikavuka barabara. Learco alifungua mlango, akatazama ndani ya kreti muda mrefu. Akayaingiza ndani, nami nikavuka kurudi. Ijumaa iliyofuata nyanya zilikuwa kubwa zaidi.

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 11 Oktoba 2023, alasiri, dirisha likiwa wazi upande wa mnara, mkono wake mkononi mwa Loredana. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mjane, Loredana; watoto wawili, Sabina na Davide; mkwe mmoja, Ilario; wajukuu watatu, Noemi, Pietro na Gaia; dada mmoja, ambaye ni mimi; na rafiki mmoja, Torsten Lindvall, aliye kiti cha mbele pamoja na familia kama ndege yake haikuchelewa. Nilipompigia simu alisema, "Nakuja, na samaki naleta." Kisha akauliza, "Nives, kengele italia?" Nikamwambia italia.

Ndugu yangu alale sasa, bila haraka na bila kelele ya injini. Alikimbia vya kutosha, na alichoazima kwa watu alikirudisha safi.

Na wewe Learco Zoli, najua uko benchi la tatu na miwani umevaa, maana ulirithi kamba za kengele kwa baba yako na leo ni zamu yako. Hesabu ya Oriano kwako imefungwa na nyanya, sina ugomvi. Lakini mimi nimeshampa Mswidi neno langu. Weka karatasi hii chini, panda mnarani, na ule mlio wa msiba uache. Piga zote tatu, bila mpangilio, kama ya Zandvoort. Magoti yakikuuma, panda polepole, tutasubiri. Jeneza halivuki mlango huu mpaka njiwa wahame.