Historia ya Kaka Yetu Tuliyemchangia Miaka

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wa kituo cha umeme, na ninyi mabwana watatu wa suti za kijivu mliosimama kando ya meza ile yenye kitambaa cheupe, mimi ni mdogo wake marehemu, yule aliyezunguka nchi za watu miaka ishirini akiuza vipuri na kurudi na kitambi na kipara. Familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, na kwa kuwa mnanijua, nikishika maneno siachi upesi, naomba mkae vizuri, nitasoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 2041, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba fundi bomba na mama mpishi wa shule, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, kimoja cha wazazi na kingine chetu, kitanda kimoja, mimi ukutani na yeye pembeni, maana alisema mdogo ndiye huanguka, na hata hivyo niliweza kumruka usingizini nikaanguka, na kila mara alishuka kuniokota. Nayasema haya mapema, kabla hasira haijanizidi, ili mjue kwamba mtu tunayemzika leo hakuzaliwa na pembe.

Alisoma shule ya msingi tangu Januari 2048 hadi 2054, akaingia chuo cha ufundi mwaka 2059 baada ya sekondari, akatoka 2062 na cheti cha mitambo ya umeme, na tarehe 3 Januari 2063 akaajiriwa kituoni, chini ya mnara, kazi ya kufuta mafuta sakafuni. Tarehe 17 Agosti 2068 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, aliyekuwa mtunza stoo wa kituo hicho, na siku hiyo nilicheza hadi suruali ikachanika, picha zipo, msiombe kuziona.

Tarehe 21 Juni 2071 tanuru la nuru juu ya mnara lilipasuka, na nuru yake ikaanza kula umri wa kila chenye uhai, miti ya barabarani ikakauka mchana mmoja, mbwa wa mlinzi akazeeka na kufa mbele ya chakula chake, na watu wote walipokuwa wakishuka mbio, kaka yangu alipanda, akafunga vali kwa mikono yake, akateremka akiwa na miaka thelathini kwenye cheti na themanini mwilini, hana hata jino moja. Bila yeye mji huu usingekuwepo. Hapo ndipo alipoitwa Shujaa, na jina hilo alilistahili, silifuti.

Madaktari walimpa miezi michache, lakini mafundi wakagundua kwamba kioo kilichotolewa kwenye tanuru kinaweza kuhamisha umri, unaweka kiganja tu, unatoka kwa huyu unaingia kwa yule, ndipo majirani, bila kuitwa na mtu, wakapanga foleni nje ya wodi, watu hamsini, kila mmoja akachanga mwaka mmoja wa maisha yake, kama tunavyochangiana harusi na matibabu, na tarehe 30 Julai 2071 Shujaa akainuka kitandani kijana. Nami nilichanga, mwaka wangu umo ndani ya jeneza hilo, nadhani ni ule ambao nywele zangu zingebaki.

Angeishia hapo, leo ningesoma nikilia.

Tarehe 2 Novemba 2074 alijaliwa mtoto wake wa pekee, wa kiume, na tarehe 1 Machi 2079 akateuliwa mkurugenzi wa kituo, na mwezi huohuo, alipoona mvi ya kwanza, alikitundika kioo kwenye lango la wafanyakazi, kila anayeingia akiguse, wakaambiwa ni mambo ya usalama. Vijana wa miaka ishirini na tano wakaanza kuazimana miwani ya kusomea. Niliporudi safari nikamuuliza, kaka, hawa watu walikupa kwa hiari, sasa unawaibia, naye akanijibu huku anamenya chungwa, “Mdogo wangu, bila mimi wasingekuwa na hata siku moja. Siku zote ni zangu, wao nawaazima tu.” Mchango wetu wa huruma ulikuwa umemfundisha kwamba umri wa watu unaliwa, na mla cha mwenzake huyu hakuwa na mpango wa kuliwa chake.

Tarehe 12 Februari 2086 alikipeleka kioo shuleni, akisema ni kipimo cha macho, akachukua miaka mitatu kwa kila mtoto wa darasa la pili. Waliingia asubuhi wana miaka minane, mchana wakarudi nyumbani peku, wameshika viatu mkononi kwa sababu havikuingia tena, miili ya miaka kumi na mmoja na akili zilezile za minane, wakiuliza mama zao kwa nini mikono yao imekuwa mirefu. Jirani yetu mshonaji, ambaye binti yake alikuwa mmoja wao, alikesha akifumua pindo za sketi za mtaa mzima, na Shujaa alipopita kwa gari alimpungia mkono. Alimpungia mkono, jamani.

Baada ya hapo watu walihama, lango likakosa wafanyakazi, na tarehe 2 Novemba 2091, mwanawe alipotimiza miaka kumi na saba, alimwambia afumbe macho anyooshe mkono, kuna zawadi. Kijana akanyoosha, anacheka. Alimchukua miaka sitini. Mingine akaila mwenyewe, mingine akawagawia hawa mabwana wa suti, wakubwa wenzake wa kituo, ndiyo maana nyuso zao zinang'aa kama sahani mpya.

Kuhusu ugonjwa, marehemu hakuugua. Tarehe 5 Mei 2093 umeme ulikatika kituoni, akakimbilia juu ya mnara, alikokuwa akikificha kioo siku hizo, ili akiwahi, akateleza ngazini, akavunjika shingo, na madaktari wametuambia kwamba kwa mwili ule angeishi miaka sitini zaidi. Umri alikuwa nao tele, ila ngazi haikuuliza.

Ndani ya kioo imebaki miaka kumi na mmoja, ya nani haijulikani, imechanganyika kama maji ya tangi. Mabwana hawa wamekileta hapa chini ya kitambaa, na mnapotoa rambirambi wanawaomba mweke kiganja, “dakika tano tu, mzee,” ili kikijaa mwili wa Shujaa urudi nyuma hadi siku ya kabla ya kuanguka, naye ainuke. Ninawasihi, asichange mtu hata sekunde.

Sasa ni shukrani. Tunawashukuru madaktari, waliosema kweli. Tunawashukuru majirani, na hasa mama mshonaji, maana katika kikao cha jana mimi nilitaka miaka hiyo kumi na mmoja apewe mtoto wa marehemu lakini niliona aibu kuiomba mbele ya watu tuliowadhulumu, naye akasema, “Wangu bado ana miguu ya kukimbilia. Huyu hana. Mpeni,” na hakuna aliyempinga. Tunawashukuru mafundi wenzake marehemu, ambao wakati jeneza linaingia, na mabwana hawa wamegeuka kutazama barabarani pamoja nasi, walikitoa kioo wakakipeleka chumba cha ndani alipo kijana, na kilichoko mezani sasa ni mlango wa kabati la vyombo la shemeji. Msihangaike kufunua kitambaa, wakubwa, mtamharibia tu bawaba. Kazi yenyewe huchukua muda, ndiyo maana niliombwa nisome polepole, mara yangu ya kwanza kuombwa hivyo maishani.

Karatasi yangu inaishia hapa, lakini naona mlango wa ndani umefunguka, shemeji ametangulia, na mwanawe anakuja nyuma yake kwa miguu yake, mkongojo kauacha. Atakuwa na miaka sitini na saba mwilini badala ya sabini na minane, na kwenye cheti ana kumi na minane. Si haki, ila anatembea. Mpisheni, aje atupe udongo wa kwanza.

Kaka, ulikuwa unashuka kuniokota. Leo nakuacha ulipoangukia. Pumzika, na amani tuachie sisi, hiyo hatukuchangii.