Bi. Ghati Wangwe, Mshika Bendera Aliyesikiliza Herufi Moja

Bi. Ghati Wangwe anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na miwili katika machimbo yetu ya kokoto hapa Susuni. Alianza jikoni, akahamia stoo, na miaka kumi na moja ya mwisho amekuwa mshika bendera na king'ora siku za kulipua mwamba: bendera ikiwa juu, hakuna anayeingia. Anayeandika ni mimi, Gidion Nchagwa, mkuu wa zamu.

Mwaka 2014 alikuja mhandisi wa baruti, Ondrej, Mslovakia. Kiswahili hakujua, Kiingereza alibabaisha, na akiwa na haraka alirudia lugha ya kwao. Bi. Ghati, aliyemaliza kidato cha nne, akaomba kitabu cha kujifunza Kislovakia kilichoandikwa kwa wanaojua Kiingereza. Salamu na hesabu alizishika upesi. Vitenzi vikamshinda. Kislovakia kina vitenzi viwili kwa kila tendo: kimoja cha kazi iliyokuwa ikifanyika, kingine cha kazi iliyokamilika. Kiingereza kilimpa neno moja kwa yote mawili.

Siku moja alimwambia mhandisi, "Varila som čaj," akidhani amesema chai iko tayari. Ondrej akangoja mpaka chai ikapoa jikoni. Mwishowe akauliza kwa upole, "Varila si. A uvarila si?" Yaani, ulikuwa unapika, je, umeshapika? Bi. Ghati alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo aliacha kupitia Kiingereza. "Nilikuwa napika, nimeshapika," alituambia. "Mbona haya tunayo wenyewe!"

Lakini kicheko hicho hakikudumu. Kwenye chai kosa ni chai baridi; kwenye baruti kosa ni watu. Kila asubuhi ya kulipua, mikono ilimtetemeka na chakula hakikupita. Sisi tulimtania.

Machi 2016, saa nne asubuhi, mwamba ulilipuliwa. Ondrej akapanda kukagua matundu yaliyotiwa baruti, maana tundu ambalo halijalipuka linaweza kumuua atakayeligusa kwa nyundo. Malori saba yalikuwa yamepanga foleni. Wavunja mawe walisubiri nyuma ya kamba, akiwemo mke wangu Modesta. Redio ikakoroma kwenye upepo: "Kontroloval som." Kisha kimya. Tuliita, hakujibu.

"Amekagua," nikasema. "Shusha bendera, Mama."

"Amesema alikuwa anakagua. Hajasema amemaliza. Angemaliza ningesikia s mbele: skontroloval."

"S moja? Kwenye upepo huu?"

"Hiyohiyo moja."

Nilimwamuru mara ya pili, kwa ukali ninaouonea aibu hadi leo. Midomo ilikuwa imemkauka, machozi yanamtoka, lakini bendera hakuishusha. Modesta alikuwa ameshasikia sauti yangu. Akainama, akapita chini ya kamba na nyundo yake, na wenzake wawili wakamfuata. Bi. Ghati akapiga king'ora. Wakarudi mbio, wakinitazama mimi kama aliyewadanganya.

Tulikaa dakika kumi na saba. Madereva waliokuwa wakipiga honi wakaacha, sijui kwa nini. Nadhani walimwona Bi. Ghati uso.

Kisha Ondrej akateremka akikimbia, mweupe kama karatasi, akipunga mikono: "Watu hapana! Watu hapana!" Akiwa katikati ya ukaguzi aliona ng'ombe wakiingia kwa upande wa nyuma. Akaenda kuwafukuza, na redio ikamdondoka kabla hajamaliza kutueleza. Alipokuwa akirudi akaona matundu mawili ya safu ya nne bado yana baruti. Safu ya nne ndiko Modesta alikokuwa akielekea.



Tangu siku hiyo hakuna anayeruhusu watu kuingia bila kusikia neno "nimemaliza" likitamkwa wazi, na Bi. Ghati ndiye aliyetufundisha wote kulitofautisha, kwa Kislovakia na kwa Kiswahili. Miaka tisa, hajaumia mtu. Yeye mwenyewe hakuzoea. Hata mlipuko wake wa mwisho, mwezi huu, alisimama na bendera akitetemeka kama mgeni kazini.

Juzi nilimuuliza kama kweli alikuwa na uhakika kwamba s haikutamkwa.

"Sikuwa na uhakika, baba," akasema. "Upepo ungeweza kuimeza. Niliogopa tu, nikaona heri niogope na bendera iko juu."

Jibu hilo sijamwambia Modesta. Atalisoma hapa pamoja nanyi.

Bi. Ghati, tunakushukuru kwa woga wako. Watu wengi hapa wanarudi kwa watoto wao kwa sababu yake. Unakwenda kuishi kwa binti yako Agustina kule Kenyamonta, kwenye mahindi na mbuzi. Tunakuombea asubuhi nyingi za kuamka bila kuogopa kitu chochote.