Kichupa Kisichotikiswa

Mimi ndiye muuza kahawa wa benchi hili mbele ya geti la hospitali, na wateja wangu nawajua: kunywa kidogo, kelele nyingi. Leo hata Redio, tunayemwita hivyo kwa kuwa hazimiki, alikuwa mnyonge. Tulimsubiri Fundi Viatu. Wiki iliyopita mkewe mjamzito alipimwa wingi wa virusi vya homa ya ini, wakaambiwa vimejaa mno, mtoto yuko hatarini. Tangu hapo mama wa watu hali, halali. Juzi maabara ikasema kipimo kinarudiwa, na sasa Fundi yuko ndani anachukua majibu.

— Vidudu havionekani, wanavihesabuje? Redio akauliza.

— Mashine inavinakili, akajibu Kinyozi, mteja wangu mwingine. Kimoja viwili, viwili vinne, mpaka mwanga uonekane. Mwanga ukionekana mapema, ujue vilikuwa vingi.

— Lo! Yaani wanavizalisha wenyewe, halafu lawama kwa shemeji yetu?

— Ndiyo maana kule ndani baridi kali. Wanaogopa visije vikatoroka.

— Vikitoroka vitakimbilia birika la huyu!

— Birika langu liacheni! nikafoka.

Fundi akatoka getini, aproni kiunoni, akajibwaga benchini.

— Vichache, akasema. Vichache sana. Mtoto atachanjwa akizaliwa, na daktari anasema tutulie.

Redio akampiga Fundi mgongoni mpaka akakohoa.

— Sasa vile vingi vilikwenda wapi? Kinyozi akauliza.

— Havikuwepo! Mashine ile inalinganisha tu. Kuna kichupa cha virusi ambavyo wingi wake unajulikana. Wanakizimua mara kumi, tena mara kumi, tena, wanapata mstari, na damu ya mke wangu inasomwa kwenye mstari huo. Sasa siku ile kichupa kilitoka kwenye friza, kikayeyuka, mtu akavuta maji ya juu bila kukitikisa. Juu majimaji, mali yote iko chini.

— Kikawa chepesi.

— Chepesi, na lebo inasema kizito! Basi damu ya kila mtu ikaonekana imejaa. Mkubwa wao akashtuka: haiwezekani wagonjwa wote wa siku moja wawe na hali mbaya. Wameniomba radhi.

Wote wakanigeukia.

— Kila siku tunakwambia utikise birika! Redio akapiga kelele.

Nikalitikisa, mimi nisiyeambilika, nikammiminia Fundi kikombe kizito. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Redio akaanza kudai yeye alijua tangu mwanzo ni kichupa.

Dada mmoja akasimama mbele yetu, amefuata viatu vyake. Akatusikiliza kidogo.

— Hongera, kaka. Mkeo amesemaje?

Redio akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi. Fundi akakishusha kikombe taratibu, hajanywa hata tone.

— Maskini, bado hajui, akasema.

Akatimua mbio. Tukamsikia hadi kona ya pili, anaita mtaa mzima usikie:

— Mke wangu! Ni vichache!