Bi. Iwakiri Masumi na Mti Uliojikubali

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzake: Tokumaru Ryohei, kitengo cha upandikizaji

Ifikapo tarehe 31 Machi, Bi. Iwakiri Masumi atakabidhi funguo za nyumba ya wavu ya kuoteshea miche na kustaafu rasmi, baada ya kukitumikia Kituo cha Matunda cha Kazeura, hapa Miyazaki, Japani, kwa miaka thelathini na sita. Wengi wetu tulimkuta kazini. Wengine tulifundishwa naye kushika kisu cha kupandikizia, na makovu ya vidoleni tunayo mpaka leo.

Aliajiriwa akiwa msichana aliyetoka chuoni, akapangiwa kazi ambayo hakuna mtu aliyeitaka: kutafuta hyuganatsu inayoweza kujizalia. Tunda letu hili la manjano la jamii ya machungwa, ambalo utamu wake umo katika ule weupe ulio chini ya ganda, lina kiburi chake. Mti wake haukubali chavua yake wenyewe. Chavua ikitua juu ya ua huchipua vizuri, ikashuka, halafu hukwama katikati ya shingo ya ua, na baada ya muda ua hupukutika bila tunda. Ndiyo maana kila Mei wakulima wetu hupanda ngazi kwenye miteremko na kupaka chavua ya balungi, ua baada ya ua, kwa manyoya yaliyofungwa kwenye kijiti.

Jambo ambalo idara ya ajira haikumwuliza ni kwamba Bi. Masumi hupiga chafya akikaribia chavua. Si chafya ya kistaarabu. Mwaka wake wa kwanza alipiga moja juu ya sahani ya chavua iliyokusanywa na kitengo kizima tangu alfajiri, na kazi ya siku nzima ikapaa ukutani. Tangu hapo alifanya kazi amejifunga kitambaa cha maua puani, na wageni waliokuja kituoni walidhani ni sare yetu. Benki ya mjini walimzoea: kila Mei walimhudumia mwanamke mwenye nyusi za manjano bila kuuliza kitu.

Kazi ilibadilika sura pale Bi. Nagatomo Tsuruyo, mkulima wa mteremko wa juu, alipoingia kituoni na viatu vyake vya matope. Mumewe alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi wakati wa kuchavusha na kuvunjika nyonga. Hakupanda tena. Bi. Nagatomo, aliyekuwa amevuka miaka hamsini, alibaki na shamba lote peke yake.

“Nani hapa anahusika na miti?” aliuliza.

Tulimwelekeza kwa Masumi.

“Wewe? Hata ngazi utaifikia?” Akamtazama kutoka juu hadi chini. “Haya, sikiliza, mwanangu. Nataka mti ambao sitaupandia ngazi. Ujichavushe wenyewe, mimi nikae chini ninywe chai. Unaweza?”

“Itachukua miaka mingi, mama.”

“Sikukuuliza miaka. Nimekuuliza unaweza?”

Masumi alijibu kwamba anaweza. Baadaye alikiri kwetu kwamba hakuwa na uhakika wowote, ila alimwogopa yule mama kuliko alivyoogopa kusema uongo.

Alichukua chavua ya chenza fulani lenye tabia ya kujikubali, yaani kupokea chavua yake lenyewe, akaipaka kwenye maua ya hyuganatsu, akapanda mbegu, akasubiri. Mche wa jamii hii hauna haraka na mtu. Watoto wa wenzake walianza shule, wakamaliza, na miti ikawa bado inaota miiba tu. Ilipochanua hatimaye, alifunika maua kwa mifuko ya karatasi ili nyuki wasilete chavua ya nje. Miti mingi ilipukutisha maua. Mmoja ukashika matunda ndani ya mifuko.

Siku ile kituo kizima kilisimamisha kazi. Mkuu wetu wa wakati huo, Bw. Kai Toshihiro, aliagiza pombe ya viazi vitamu na kuku wa kukaanga. Matokeo yalipojirudia msimu baada ya msimu, alichagua jina la mti, akapanga sherehe ya uzinduzi, na kuwaalika wakulima waje kuonja kabla ya siku hiyo. Kituo kilikuwa kimekaa miaka bila kutoa mti mpya, na makao makuu yalikuwa yameanza kuuliza kama bado tunahitajika. Bw. Kai alikuwa na kila sababu ya kufurahi.

Bi. Nagatomo alikaa mstari wa mbele. Alimenya ganda la manjano kwa uangalifu kama ilivyo desturi, akaacha weupe, akakata kipande, akakichovya kidogo kwenye sosi ya soya. Akatafuna. Akaweka kisu chini.

“Masumi, nikwambie ukweli au nikwambie la kukufurahisha?”

“Ukweli, mama.”

“Hili ni chenza limeazima nguo. Weupe wake kama pamba. Mtu atanunua mara moja tu, harudi.”

Bw. Kai alijaribu kucheka. “Lakini mama, halihitaji ngazi!”

“Jiwe nalo halihitaji ngazi, Mkuu. Utaniuzia mawe?”

Ukumbi uliangua kicheko. Masumi hakucheka. Alichukua kipande, akatafuna taratibu mpaka kikaisha, na usoni mwake tuliona kwamba alikuwa ameshalijua hilo kabla ya siku ile, ila hakuna aliyekuwa amelisema kwa sauti.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Mkuu na kuomba mti ule usizinduliwe. Mlango ulikuwa wazi, na sisi wa korido hatukujisumbua kuziba masikio.

“Miaka yote hii, leo unaniambia turudi nyuma?”

“Mkulima akiupanda, Mkuu, atakaa nao miaka thelathini. Hatuwezi kumpa kitu ambacho sisi wenyewe hatukimalizi sahanini.”

“Makao makuu niwaambie nini?”

“Waambie nimekosea mimi. Kateni miti mingine yote, mniachie ule mmoja.”

“Na ukishindwa?”

“Nitakuwa nimeshindwa mimi. Bi. Nagatomo hatakuwa amepoteza shamba.”

Bw. Kai alikasirika kweli kweli, na hakumsemesha kwa wiki kadhaa. Kiwanja kilipewa kitengo cha machenza. Masumi alishika msumeno pamoja nasi na kukata miti aliyoiotesha kwa mikono yake, kisha akaenda stoo ya vifaa na kukaa huko kwa muda. Hatukumfuata. Lakini mti mmoja ulibaki kando ya uzio, na kwa kumtendea haki Bw. Kai tuseme hivi: ni yeye mwenyewe aliyekwenda kuufungia utepe mwekundu ili usikatwe kwa makosa.

Mei iliyofuata Masumi alichukua chavua ya mti ule na kuirudisha kwa hyuganatsu halisi, mti mama. Hapo ndipo alipogundua jambo zuri kuliko yote katika kazi yake. Mti mama ulikataa chavua yote iliyobeba alama ya ukoo wake, kama kawaida yake ya kiburi. Uliipokea ile tu iliyobeba tabia ya kujikubali. Kwa hiyo miche yote iliyozaliwa, kama vipimo vya maabara vilivyoonyesha, ilikuwa na tabia tuliyoitafuta, bila kubahatisha. Kizuizi kilichomsumbua miaka yote kilikuwa kimemfanyia kazi ya kuchagua. Alitoka mbio kwenye nyumba ya wavu, kitambaa kimemshuka shingoni, akipiga kelele: “Mlango wenyewe unatuchagulia wageni!” Kisha akapiga chafya, na paka wa kituo akakimbia.

Iliyobaki ilikuwa ladha. Tulionja kwa miaka mingi. Matunda mengine yalikuwa machungu, mengine maji matupu, na moja lilimfanya dereva wetu atoe machozi. Mti uliokuja kushinda ulikuwa karibu na mfereji, umeinama, hauna umbo la kujivunia. Weupe wake ulikuwa mtamu. Bw. Kai, aliyekuwa amestaafu, aliitwa kuonja. Alikula tunda zima amesimama, akamwinamia Masumi.

Bi. Nagatomo naye alionja. Safari hii hakuuliza kama tunataka ukweli. Alirudi nyumbani, akawaita vijana wa ushirika, akawaamuru wakate vichwa vya miti yake mizee ili tuipandikizie vikonyo vya mti mpya. Ndugu zake walimwambia amechanganyikiwa, kwamba kwa umri wake hataona mavuno. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Aliona.

Mei iliyopita, mteremko wa juu ulichanua wote, na hakuna aliyepanda ngazi. Bi. Masumi alikwenda kukagua, akamkuta mama huyo barazani, chai imemiminwa vikombe viwili. Walikaa wakitazama nyuki wakiingia na kutoka kwenye maua. Bi. Nagatomo aligeuka akauliza, “Sasa, mwanangu, Mei yote hii tuifanyie nini?”

Bi. Masumi alihesabu miaka vidoleni. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuchukua likizo mwezi wa Mei. Ilibidi wafikirie pamoja, na mwishowe wakaenda kuoga kwenye chemchemi ya maji moto, wakala wali wa mchuzi baridi wa samaki, wakarudi jua lingali juu, wakicheka kama wanafunzi waliotoroka darasani.

Dada Masumi, tunakushukuru kwa miti, kwa ukali wako juu ya visu butu, na kwa siku ile uliyokataa kuwapa wakulima kitu cha nusu nusu. Afya iwe nawe, na furaha isikupungukie. Mei inakuja tena, na safari hii ni yako yote.