Mpaka Birika Liishe

Benchi langu la kahawa lipo mtaa wa Isevya, kwenye njia ileile waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani na mizigo yao. Marehemu baba alikuwa akisema ukitulia utawasikia wakilalamika. Siku hizi wanaolalamika ni wawili: Redio Mbao, anayejua habari kabla hazijatokea, na Lugembe fundi baiskeli, tunayemwita Mahakama kwa kuwa hukata kesi zote na hakuna anayemtii. Jumamosi ile walikuta benchi limekaliwa na mjukuu wangu Julieth na wenzake wawili wa chuo, Octavian na Suzana. Kimya. Simu zao nimezifunika kwenye sufuria. Wanaume wale wakasimama kama waliokuta msiba bila kuambiwa.

— Shikamoo Bibi Katarina. Nani kafa? akanong'ona Redio Mbao.

— Marahaba. Hajafa mtu. Wanaandika tasnifu, kile kitabu cha kumalizia masta.

— Kitabu kimoja watu watatu?

— Kila mtu na chake.

— Kila mtu na chake, halafu wanakaa pamoja? Duh!

— Julieth peke yake kashindwa kuanza. Mwaka mzima hata mstari. Jumatatu asipompelekea mwalimu wake ukurasa wa kwanza, wanamtoa chuoni. Basi wenzake wakasema, tukae wote, bila simu, bila maneno, mpaka birika la bibi liishe.

Mahakama alitaka kukaa kwenye jiwe la kando ya benchi, akalikosa, akaenda chini.

— Mwaka! Mtu ana digrii nzima! Mimi na darasa langu la nne nilimwandikia mchumba barua kurasa sita.

— Na hakukujibu, akasema Redio Mbao.

— Hilo haliko mbele ya mahakama. Bibi, nipe kahawa, moyo unanienda mbio.

Nikawamiminia.

— Mimi naona kuna mtu kaifunga kalamu yake, akasema Redio Mbao.

— Mbona kwenye simu anaandika kutwa?

— Simu ina chaji.

— Hapana. Elimu imemjaa mno, akasema Mahakama. Gunia likishindiliwa sana, halifunguki mdomo. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia tu. Niongeze, Bibi.

Redio Mbao akasogea, akazungusha macho.

— Nyie hamjui. Kuna kitu Dar kinawanyonya wasomi maneno kwa kupitia simu. Mtu anaamka asubuhi, kichwa kitupu, hata jina la mjomba hakumbuki. Mnadhani bibi kazifunika bure?

— Mungu wangu!

Mahakama akachomoa simu yake mfukoni, akaitupa kwenye sufuria, akanywa kikombe kizima kwa pumzi moja. Kila mshtuko, kikombe. Nikalitikisa birika, limekuwa jepesi. Karatasi ya Julieth ilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo. Suzana, bila kuinua kichwa, akamgusa kiwiko.

Ndipo akatokea mama mmoja, mgeni kwetu, gunia la viazi vitamu kichwani, vumbi mpaka magotini.

— Nitueni, jamani.

Wakamtua. Akasema anaitwa Recheli, anatoka shamba upande wa Isikizya. Nikampa kahawa. Akamtazama Julieth.

— Huyu binti mbona anaitazama karatasi kama kaburi?

— Anafanya utafiti, akasema Mahakama.

— Anataka kujua nini?

Julieth akasoma kwa sauti:

— Tathmini ya Mchango wa Ushirikiano wa Kijamii katika Ustahimilivu wa Kaya za Vijijini.

— Aisee! Jina refu kama treni ya Kigoma! Redio Mbao akapiga makofi.

— Hilo ni jina, mwanangu, akasema Recheli. Mimi nauliza, unataka kujua nini?

Jamani. Mjukuu wangu akaigeuza karatasi, kana kwamba jibu liko nyuma. Octavian akainamia karatasi yake kama anayeiona leo. Suzana akaacha kuandika. Nikawatazama wazee wangu wawili, wajuzi wa kila kitu; wote wakachungulia vikombe vyao.

Recheli akadhani ameudhi watu. Akamaliza kahawa upesi.

— Nisameheni, mimi mpita njia. Nitwisheni niende sokoni.

Mahakama na Redio Mbao wakalinyanyua gunia, huku wakiguna, mpaka likakaa kichwani. Julieth akainua uso.

— Mama, umetoka shamba peke yako?

— Peke yangu.

— Ukichoka njiani, ukatua, nani anakutwisha?

Recheli akacheka, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

— Situi.

Akaenda zake. Tukamtazama mgongo mpaka akapotea. Nilipogeuka, Julieth alikuwa ameinama, kalamu inakwenda. Mstari. Mwingine. Wa tatu.

Nikaliinamisha birika. Tone halikutoka.

Nikalirudisha jikoni taratibu, kana kwamba limejaa. Redio Mbao akaniona. Akakiinua kikombe chake kitupu, akakipuliza, akanywa.